Plasta za ganzi kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi: zinavyotumika na zinavyoharibiwa

Mkanda wa jeshi ukishapona, malengelenge yamekauka na vigaga vimedondoka, watu wa nyumbani wanashukuru Mungu wanadhani yameisha, kumbe kwa wazee wengi ndo kwanza shida inaanza. Ngozi inabaki inawaka kama imepitishiwa pasi, kanga ikigusa tu mtu anaruka, mama hawezi kuvaa sidiria, hawezi kulalia ule ubavu, na usiku ndo balaa lenyewe. Yakiendelea zaidi ya miezi mitatu tangu upele utoke, hayo ni maumivu sugu ya mishipa ya fahamu, na hapo panadol haifui dafu. Kwa watu wa namna hii kuna plasta za ganzi, zile zenye dawa ya lidokeini, na zikitumika sawasawa zinampa mtu usingizi aliousahau. Naandika kwa ajili yenu mnaouguza mama, bibi au shangazi nyumbani, na nyie mlioko Uingereza na Marekani mnaofungasha maboksi kwenye begi la mtu anayekuja likizo, manake naona zinabandikwa hovyo sana, na mtu akikosea anasema dawa ni feki.

Tuanze na kinachouma. Kirusi cha tetekuwanga hakitoki mwilini mtu akipona utotoni, kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu pembeni ya uti wa mgongo, miaka mingi baadaye kinga ikishuka kwa sababu ya uzee au HIV au dawa za kansa kinaamka, kinatembea na mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi, ndo maana upele unashika upande mmoja tu wa mwili na kujipanga kama mkanda. (Yale maneno kwamba mkanda ukizunguka ukakutana mtu anakufa, yaacheni, yanatisha wagonjwa bure.) Upele unaondoka ila ule mshipa unabaki umeharibika, unapeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo hata kama hakuna kinachoumiza. Lidokeini inaziba vijinjia vya sodiamu ambavyo mshipa unatumia kupeleka hizo taarifa. Sio dawa ngeni hata kidogo, iliundwa Uswidi mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren, na ni dawa ile ile daktari wa meno anayokuchoma kabla ya kung'oa jino. Plasta ya 5% ilipitishwa Marekani mwaka 1999 kwa kazi hii hii ya maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi.

Sasa shika boksi, usome. Madukani kila kitu kinaitwa plasta ya maumivu na hapo ndo watu wanapoingia mkenge. Usiangalie picha ya mgongo mwekundu iliyochorwa juu, tafuta jina la dawa, liwe Lidocaine au Lignocaine, ni kitu kimoja, halafu angalia asilimia. Ile ya 5% iliyozoeleka ina ukubwa wa sentimita 10 kwa 14 na ndani ina miligramu 700 za dawa, na kwa Marekani na Uingereza inatolewa kwa cheti cha daktari. Ya 4% Marekani inauzwa dukani bila cheti. Kuna nyingine nyembamba inaitwa ZTlido, hiyo imeandikwa 1.8% na ina miligramu 36 tu, lakini imetengenezwa kufanya kazi sawa na ile ya 5%, kwa hiyo mtu asione namba ndogo akasema hii hafifu ngoja nibandike nyingi. Na mwezi wa tatu 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu kuhusu bidhaa za ganzi za ngozi zinazouzwa bila cheti zikiwa na lidokeini zaidi ya 4% inayoruhusiwa, kwa hiyo ukiona mtu anatangaza kwenye status yake plasta ya 10%, nguvu mara mbili, kimbia.

Zile zinazonukia dawa ya kuchua ni kitu kingine. Zina mentoli, kafuri na salisileti, zinapoza au kupasha ngozi, mtu anasikia nafuu ya misuli lakini sio ganzi, na anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asizibandike bila kumuuliza daktari kwa sababu ile salisileti inapita kwenye ngozi na inaweza kuongeza nguvu ya warfarini mpaka mtu atokwe damu. Kuna plasta ya kapsaisini 8%, ukali wa pilipili yenyewe, hiyo inabandikwa na wataalamu hospitalini, wamevaa glavu, inakaa saa moja au nusu saa kama ni miguuni, halafu mpaka miezi mitatu ipite ndo irudiwe. Sio ya kubandikana sebuleni. Na kuna fentanili. Hii ni ya familia ya mofini, ni ya wagonjwa wa kansa na wengine wenye maumivu makali ambao mwili ushazoea dawa za aina hiyo, moja inakaa masaa 72, na mtu ambaye hajazoea inaweza kumzuia kupumua akafa usingizini. Kwa macho zinafanana tu na plasta nyingine. Ukikuta plasta imebaki kwa marehemu au imetoka kwenye begi la mtu haina boksi, usimbandike mama yako.

Kabla ya kufungua pakiti, yapo ya kuuliza. Kama malengelenge bado yana maji au kuna kidonda kibichi, plasta haiendi hapo, dawa ingeingia nyingi kwa mkupuo. Hiyo ni hatua ya kwenda hospitali haraka, ndani ya masaa 72 tangu upele utoke ikiwezekana, upewe dawa ya kirusi kama asaikloviri, na ukubali kupima HIV kama mgonjwa bado kijana, manake huku kwetu mkanda wa jeshi umekuwa ndo dalili ya kwanza kwa wengi. Mtu aliyewahi kudhurika na sindano ya ganzi kwa daktari wa meno asiiguse kabisa mpaka aonwe. Mwenye ini lililoharibika sana, anayetumia dawa za kurekebisha mapigo ya moyo, mjamzito, anayenyonyesha, wote hawa waende kwa daktari kwanza, na ni vizuri ukaenda na boksi lenyewe mkononi kuliko kusema tu "ile plasta ya maumivu".

Haya, kubandika. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kubandika palipokuwa na upele mbaya zaidi, pale penye makovu, wakati sasa hivi panapouma pamehama kidogo. Kaa na mama yako mahali penye mwanga, muombe ruhusa, chukua kipande cha pamba au ncha ya khanga laini, anza mbali kwenye ngozi nzima karibu na uti wa mgongo, pitisha taratibu kuelekea mbele, mwambie aseme "hapo" pale anapoanza kuhisi kuungua, weka alama na kalamu. Rudia kutoka juu kuja chini, na kutoka mbele kurudi nyuma. Baada ya dakika chache utaona umechora kaeneo, mara nyingi kembamba karefu kanakofuata mbavu kutoka mgongoni kuja chini ya titi. Hako ndo pa kubandika. Wazee wengi wanaoonekana plasta haiwasaidii ukichora hivi unakuta ilikuwa imekaa vidole vinne juu ya mahali penyewe, na plasta ya 5% haitembei, inafanya kazi palepale ilipogusa ngozi.

Osha hapo kwa maji ya kawaida, sio ya moto, kausha vizuri kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Kama ametoka kuoga maji ya moto subiri ngozi ipoe kwanza. Pasiwe na mafuta ya nazi, losheni wala Vaseline, hazitashika. Nywele kama zipo zikate kwa mkasi, usinyoe kwa wembe kwa sababu wembe unaacha michubuko midogo usiyoiona na dawa inapitia hapo hapo.

Plasta ya 5% unaweza kuikata kwa mkasi ifuate umbo ulilochora, ila ikate ikiwa bado na ile karatasi ya plastiki inayofunika gundi, ukishaivua inajikunja na kujigandia yenyewe na hapo umeipoteza, na zina bei sio utani. Kwa hako kaeneo kembamba ka mbavuni plasta moja mara nyingi inakatwa vipande viwili virefu vikaunganishwa kichwa na mkia. (Sio kila aina inaruhusiwa kukatwa, soma karatasi ya ndani, na hizi za fentanili ndo usikate kabisa.) Vua ile plastiki, bandika, bonyeza na kiganja kama nusu dakika hivi mpaka pembe zishike. Ukimaliza nawa mikono vizuri kabla hujajigusa macho, manake jicho likipata ganzi hulijui likichubuka.

Kwa ya 5% mwisho ni plasta tatu kwa wakati mmoja, na ukikata vipande hesabu inabaki ni ya plasta nzima, na daktari akikwambia moja basi ni moja. Za 4% za dukani zina masharti yake, nyingine masaa 8 nyingine 12, fuata boksi lako na sio la jirani.

Kuhusu masaa naomba msome kwa makini kwa sababu hapa ndo pameharibika kwa wengi. Plasta ya 5% inakaa masaa 12, halafu ngozi inapumzika masaa 12 bila plasta yoyote. Saa yetu inarahisisha sana hili, umebandika saa moja jioni unabandua saa moja asubuhi, hakuna hesabu, ni saa ile ile imerudi. Andika kwenye kalenda ya ukutani. Ila ukiweka alamu kwenye simu ujue simu itasema 19:00 na 07:00, msije mkachanganya na dada wa kazi mkampa bibi plasta mbili mfululizo. Anayeteseka usiku abandike jioni, anayeteseka mchana akiwa kwenye shughuli na nguo zinamgusa abandike asubuhi, mtachagua kulingana na maumivu yake, lakini yale masaa ya kupumzika hayaliwi. Watu wanasema mbona maumivu yanarudi mchana ngoja nimuongezee kidogo, hapana, ule mchana bila plasta ni sehemu ya dozi, ndo unaozuia dawa kujaa kwenye damu na ngozi kuchubuka. Kama mchana ni mbaya sana rudini kwa daktari, kuna amitriptilini, kuna gabapentini na pregabalini, dawa za kumeza zinazotuliza mishipa ya fahamu, na wengi wanapewa pamoja na plasta. Na kama tayari anazitumia usimwachishe ghafla eti kwa sababu plasta imeanza kufanya kazi.

Joto ni adui mwingine. Sisi mtu akiumwa cha kwanza ni kumkanda na maji moto, na anayekanda anafanya kwa mapenzi, lakini juu ya plasta ya ganzi usikande. Joto linafungua mishipa ya damu kwenye ngozi na dawa inaingia mwilini haraka kuliko ilivyopangwa. Kwa hiyo epuka pia chupa ya maji moto, blanketi la umeme kwa walioko kwenye baridi, kuota jua kifua wazi, kuinamia jiko la mkaa muda mrefu. Na usifunge nailoni juu yake ili eti dawa izame. Mwaka 2007 FDA ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili huko Marekani, mmoja ana miaka 22 mwingine 25, kufa, walikuwa wamejipaka krimu kali ya ganzi miguuni wakazungushia nailoni kabla ya kwenda kutoa nywele kwa leza. Ile ilikuwa krimu sio plasta, lakini dawa ni za kundi hili na njia ya kudhuru ni hiyo hiyo: eneo kubwa, kufunika, dozi kubwa. Kwa hiyo pia usichanganye plasta na krimu ya ganzi au jeli ya ganzi, na ukienda kwa daktari wa meno siku hiyo mwambie umebandika.

Kwa joto la Dar, Mombasa au Zanzibar plasta inateleza na jasho, hilo halikwepeki. Mvalishe fulana ya pamba inayobana kidogo tu, ishikilie kingo kwa plasta ya karatasi ya hospitali, na akae penye upepo. Kuoga aoge kabla ya kubandika au baada ya kubandua, ikilowa haishiki tena. Maboksi yakae kabatini mbali na dirisha, usiweke kwenye friji wala usiache ndani ya gari.

Akibandua, ngozi kuwa nyekundu kidogo ni kawaida na kwa kawaida inatulia ndani ya masaa machache. Ikichoma sana ikiwa imebandikwa, toa, usubiri ngozi itulie ndo ujaribu tena. Ikitoa malengelenge, ikivimba, au mtu akivimba uso na kubanwa pumzi, hiyo ni mzio, hospitali.

Halafu kuna dalili za dawa kuzidi kwenye damu, hizi mfundishe kila anayekaa na mgonjwa: ganzi kuzunguka mdomo, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, kuona ukungu, kutetemeka, kuongea maneno yasiyoeleweka. Zikizidi mtu anadondoka degedege na moyo unapiga taratibu. Midomo kugeuka rangi ya bluu ya kijivu nayo ni hatari. Ukiona lolote kati ya haya bandua zote, futa ngozi, kimbilia hospitali na boksi. Zikitumika kama nilivyoeleza haya ni nadra sana, kwenye ile plasta ya miligramu 700 inayoingia mwilini ni kama asilimia 3 tu.

Na hiyo asilimia 3 ina upande wa pili ambao watu hawaufikirii. Maana yake plasta uliyoibandua baada ya masaa 12 bado ina zaidi ya miligramu 660 ndani yake. Tunaiona imechoka, imepoteza gundi, tunaitupa kwenye jaa la nje, kuku anadonoa, mbuzi anatafuna, na mtoto wa miaka miwili anaiokota anaona ni stika, anaiweka mdomoni. Kwa mtoto hiyo ni sumu ya kuua. Ikunje upande wa gundi ukutane na gundi, bonyeza, itie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kopo liwe juu ambako mtoto hafiki, na uende nalo kwenye kituo cha afya wakatupe na taka zao au walau litupwe likiwa limefungwa. Na bibi asilale na mjukuu kitanda kimoja usiku wa plasta, inabanduka usingizini ikamgandia mtoto mgongoni.

Mnaotuma kutoka nje, tumeni na karatasi ya maelekezo, lakini kabla ya hapo mpigie simu mtu anayemhudumia mzee, uliza ini, uliza moyo, uliza dawa anazomeza, daktari wake ajue. Na tumeni za kutosha au msitume kabisa, kumpa mtu boksi moja halafu kimya ni kumtesa.

Hizi plasta zina mipaka. Zinasaidia maumivu yaliyo karibu na ngozi yanayotoka kwenye mshipa ulioharibika. Goti lililosagika, diski ya mgongo, nyonga, dawa haifiki huko kwa nguvu ya maana, na hata huduma ya afya ya Uingereza, upande wa England, tangu 2017 iliwaambia madaktari wasiziandike hovyo isipokuwa kwa maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi. Mwenye kisukari anayeungua nyayo anaweza kuandikiwa na daktari wake, ila yeye aikague miguu kila siku, kidonda kisijefichwa na ganzi. Na maumivu mapya usiyoyajua usiyazibe na plasta: kifua kubana, mgongo unaouma pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au ganzi katikati ya mapaja, maumivu ya usiku na mtu anakonda. Hayo yanaenda hospitali kama yalivyo.

Mwambieni mgonjwa ukweli mapema, plasta haiui hisia zote kama sindano ya jino, inapunguza. Atahisi bado mkono ukimgusa lakini ule moto umeshuka. Wengine wanapata nafuu siku ile ile, wengine inachukua wiki mbili mpaka nne. Kila asubuhi muulize maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, andika kwenye ile ile kalenda pembeni ya saa. Wiki ya nne ikifika angalieni namba pamoja. Kama ilikuwa nane sasa ni nne, na analala, endeleeni, na kila baada ya muda jaribuni na daktari kurefusha masaa ya bila plasta au kupunguza idadi muone kama bado anazihitaji. Kama namba haijasogea, acheni, msinunue boksi jingine, na mrudi kwa daktari na hiyo kalenda.